Machweo ya Mediterania, Kuanzia Saa Kumi na Moja na Nusu

Jumapili, 5 Juni 2016

Tumerudi kutoka kwa Fatehali. Picha zisizo na mwisho! Kila picha ina machweo, kila machweo yana Fatehali, na kila Fatehali ana kofia nyeupe. Alifunga mapazia yote ya sebule tangu jioni ili zionekane vizuri kwenye televisheni yake, ambayo ni kubwa kuliko mlango wetu. Fatehali kwenye boti, pwani ya Ufaransa. Fatehali kwenye boti, pwani ya Italia, ameshika glasi ya juisi, nyuma yake nyumba nyeupe zimepanda mlima na maji yamegeuka rangi ya chungwa. Mkewe Nilofar hayumo hata kwenye moja. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga.

Ni jirani yangu, ghorofa moja juu yetu hapa Thorncliffe Park, Toronto. Mombasa pia alikuwa jirani yangu. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, wangu alikuwa karani wa reli, na wao waliishi juu ya duka, sisi nyuma yake. Nimehama bara zima na bado nasikia viti vyake vikiburutwa juu ya kichwa changu. Kila Septemba anakusanya kundi la watu wazima na kuwapeleka Mediterania kupanda boti jua likizama. Majina ya mwaka huu yanafungwa Jumatatu, tarehe ishirini.

Otilia alitazama picha zote bila kupepesa macho. Kwenye lifti akashusha pumzi. Naijua pumzi ile. Akasema, taratibu sana, kwamba tarehe ishirini na moja tunatimiza miaka thelathini ya ndoa, na hatujawahi kupanda ndege pamoja hata mara moja. Goa kwa shangazi zake alikwenda peke yake. Lisbon kwenye harusi ya dada yake Rosalina alikwenda peke yake, na katika picha ya ukoo wamemsimamisha karibu na chungu cha maua, kujaza nafasi. Nikamwambia ni hili goti langu, halipendi kukunjwa muda mrefu.

Goti langu ni zima kabisa. Ndege ndiyo siiwezi. Nilipanda mara moja, kuja huku, kabla hatujaoana. Nilimshika mkono mtu nisiyemjua kuanzia Nairobi mpaka London, na tulipotua akaniomba, kwa adabu, nimrudishie vidole vyake. Siku hiyo niliapa. Otilia sijamwambia. Yeye anadhani ni ubahili na goti ni kisingizio. Nimemwacha adhani hivyo. Bahili angalau ni mtu mwenye msimamo.

Lakini nisionekane nimelala. Mpango ninao tangu Februari.


Jumatatu, 6 Juni 2016

Niuandike mpango wote, maana siku moja watu watataka kujua ulianza vipi.

Otilia anataka nini? Boti, pwani, na jua linalozama. Ndege haimo. Sasa, boti zipo hapa hapa bandarini, unashuka kwenye tramu tu. Pwani ipo. Ziwa Ontario halioneshi ng'ambo, atakayesema si bahari anasema kwa roho mbaya. Na jua ni moja duniani. Nikimpa Mediterania hapa Toronto, ya kule ataitakia nini? Jina lake halitapelekwa kwa Fatehali, na mimi sitaulizwa tena juu ya goti.

Februari nilikwenda kwenye ofisi ya boti. Nikamkuta nahodha mwenyewe, Évariste, mtu wa Lubumbashi, ambaye wakati wa baridi hufagia ofisi kwa kuwa ziwa limeganda. Nikataka Jumamosi ya tarehe kumi na nane Juni, saa ya machweo. Akasema usiku wote umechukuliwa na harusi, limebaki pengo la kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu. Nikatazama dirishani. Ilikuwa ndiyo saa yenyewe, na jua lilikuwa limekaa juu ya barafu, jekundu, linazama mbele ya macho yangu. Nikasema hiyo hiyo. Évariste akakuna kichwa. Akasema, "Papa, uko sûr? Juin ni Juin." Nikamjibu hakika ninayo, mimi ni mtu wa Mombasa, jua nimelijua kabla sijavaa viatu. Akaandika.

Jua la jioni lenyewe sijaliona tangu Machi. Tangu mwezi huo nafanya zamu ya jioni katika kibanda cha maegesho ya magari, ghorofa tatu chini ya ardhi. Mapumziko ni Jumapili tu, na Jumapili mimi hulala mapema kama kuku.

Shida ni moja: boti haiondoki bila watu thelathini. Ninao wawili, mimi na Otilia. Binti yetu Savia amesema siku hiyo ana kazi, kabla sijamaliza kutaja siku. Jana baada ya misa niliwazungukia Wagoa wenzangu, kila mtu ana lake. Nilianza kukata tamaa.

Leo asubuhi, kwenye lifti, jirani mmoja akamtakia mwenzake Ramadhani njema. Ndiyo kwanza imeanza. Wazo likanishukia kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Futari! Futari ndani ya boti! Mfungaji gani hatapenda kufuturu akiliona jua lenyewe likiingia majini? Na futari ni saa kumi na mbili na nusu. Miaka yote ya utoto wangu, saa kumi na mbili na nusu, wenzetu wa msikiti wa nyuma ya duka walikuwa wakituletea sahani ya kaimati. Saa kumi na mbili na nusu ni katikati kabisa ya safari yangu. Ningekaa mwaka mzima nikipanga lisingepangika vizuri hivi.


Jumatano, 8 Juni 2016

Asubuhi nimekwenda mtaa wa Dixon kwa Bi Mwanakheri. Huyu ni mama wa Mombasa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa pwani, na mahamri yake yanaliwa na nusu ya Toronto. Mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Nilimkuta amefunga na huku anakanda unga, uso umetulia, kana kwamba njaa ni kitu cha watu wengine.

Nikamweleza. Boti. Upepo. Zeituni kwenye bakuli. Machweo ya Mediterania bila viza. Akasikiliza. Akauliza tunaondoka saa ngapi. Saa kumi na moja na nusu, nikasema. Na kurudi? Nikamwambia tutafuturu jua likizama, tukishatosheka ndiyo turudi.

Akahesabu kitu kwa vidole vyenye unga. Halafu akainua mikono na kuniombea dua ndefu sana, kwamba mtu wa dini nyingine amewakodia wanawake wa watu boti kwa saa zote hizo, Mungu amlipe, amzidishie, amhifadhi na mkewe. Sikuelewa "saa zote hizo" ni zipi, maana ni mbili tu. Lakini dua haikatizwi. Nikasema amina.

Watakuja thelathini. Chakula watapika wao. Boti tayari, abiria tayari, chakula tayari, na mimi sijachemsha hata yai.


Jumamosi, 11 Juni 2016

Fatehali amesikia. Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia nguo, anakunja mashati yake meupe moja moja. Akanipongeza. Kisha akaniuliza kama ziwa lina chumvi. Nikasema halina. Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata majibu mabaya. Akasema, "Caetano bhai, Mediterania ina harufu yake. Hiyo huwezi kuikodi."

Nilipanda ngazi nimekasirika mpaka ghorofa ya nne, nikachoka, nikangoja lifti.

Harufu, eh? Nimenunua chumvi ya bahari, ya mawe, nikaikoroga kwenye maji ya moto, nikaitia katika ile chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi. Nimejaribu bafuni. Nikafumba macho, nikapuliza hewani, nikavuta pumzi. Nyali! Ufukwe wa Nyali kabisa, kule Mombasa, asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Otilia akaingia baada yangu, akatoka akauliza kwa nini taulo lake lina ladha. Sikumuuliza amejuaje.

Nimemwalika Fatehali na Nilofar. Nataka aone kwa macho yake. Nilofar ameomba radhi, atakuwa jamatkhana, kwenye sala zao. Fatehali amesema atakuja, na atavaa kofia.


Jumatano, 15 Juni 2016

Maandalizi. Mashada ya zabibu za plastiki: mawili. Kiti cha Otilia kitakuwa mbele kabisa, kimezungushiwa zabibu. Muziki: santuri ya gitaa za Kigiriki, ya kuazima maktaba. Zeituni: kopo kubwa. Nyakundi wa kibanda cha pili amekubali kunishikia zamu.

Savia amenitumia ujumbe, kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Ameuliza kama baba ameangalia jua linazama saa ngapi siku hiyo. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba baba amekulia mahali ambapo jua lina adabu, linazama saa ile ile mwaka mzima, wala halihitaji simu kulitangaza. Akanirudishia kile kikatuni cha uso uliojifunika macho. Watoto waliokulia huku ndivyo walivyo. Mvua ikiwanyeshea wanasubiri simu ithibitishe.


Jumamosi, 18 Juni 2016, asubuhi

Hakuna wingu hata moja.

Otilia amevaa gauni la buluu alilolinunua kwa ajili ya harusi ya Lisbon. Ameniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Mediterania. Amecheka mpaka akashika meza. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile. Jumatatu ndiyo siku ya majina. Mpaka jana usiku bado alikuwa hajaamua, alisema atangoja kwanza aone hiki ninachomficha. Leo ikienda sawa nimepona. Isipokwenda sawa, Septemba atapanda ndege, peke yake tena, na safari hii sidhani kama atarudi akiwa ananichekea.

Bwana, ifanye iende sawa. Chupa ya chumvi nimeijaza.


Jumapili, 19 Juni 2016

Mwili hauna nguvu, lakini niandike kabla Fatehali hajaeneza ya kwake.

Tulianza vizuri. Hilo lazima lisemwe. Wanawake wa Bi Mwanakheri walifika na masufuria na mikeka, mabuibui yanapepea, na harufu ya sambusa, mbaazi za nazi na viazi vya karai ikajaa boti mpaka Évariste akatoka kwenye usukani kuja kusalimia. Fatehali akaja na kofia. Otilia akaketi kwenye kiti cha zabibu. Tukang'oa nanga. Mnara ule mrefu wa mjini ukaanza kurudi nyuma, visiwa vikaja mbele, na mimi nikapuliza.

Mpulizo wa kwanza ulimwingia Fatehali kwenye miwani. Akauliza kama boti inavuja kutoka juu. Wa pili ukamfikia Otilia nyweleni. Akageuka, akavuta hewa, akasema mbona pananukia bahari. Kwa robo saa nilikuwa mfalme. Muziki peke yake ndio ulioniangusha. Bi Mwanakheri aliomba, kwa upole, gitaa zinyamaze mpaka watu wapate kitu tumboni.

Saa kumi na mbili jua lilikuwa juu. Mapema, nikajisemea. Saa kumi na mbili na nusu nikashika kipaza sauti. Nikawaomba mabibi na bwana wageuke magharibi. Wakageuka wote. Jua lilikuwa palepale, juu ya maghorofa, jeupe, linawaka kama la saa tisa mchana kule kwetu. Tulitazamana nalo. Nikasema tulipe jua dakika chache. Wanawake wakacheka sana, wakadhani natania ili kupoteza muda.

Kufika saa moja nilikuwa nimeacha kutazama saa. Jua halikushuka hata kidogo, naapa. Na hapo ndipo mambo mawili yaliyokaa kichwani mwangu miaka yote bila kuamkiana yalipokutana. La kwanza: futari huwa saa kumi na mbili na nusu. La pili: mwezi wa sita hapa Toronto, watoto wa mtaa mzima hucheza mpira nje mpaka saa tatu usiku, na mchana wote ule ni wa jua hilo hilo. Yote mawili nilikuwa nayajua.

Nikamkimbilia Évariste. Akainua mabega. "Papa, nilikuambia. Juin ni Juin." Akaongeza kwamba watu wa harusi wameshafika gatini na saa moja na nusu lazima awe amefika. Nikamsihi aipitishe boti upande wa mashariki, nyuma ya maghorofa ya mjini, jua lipotee. Ni mtu mwema. Aliipitisha. Kivuli kikubwa kikatufunika, baridi ikaingia, na mimi nikatangaza kwamba jua limezama, karibuni futari.

Bi Mwanakheri alisimama na bakuli la tende mkononi. Akatazama nyuma yetu, ambako maji yote yalikuwa yanametameta kwa jua. Akasema, "Halijazama, Bwana Caetano. Limesimama nyuma ya benki."

Sikukubali kushindwa. Nikamkumbusha kwamba msafiri ameruhusiwa kula. Akaniuliza safari gani hii, na kituo cha basi alichoshukia anakiona. Nikasema basi wafuate saa za nyumbani, Mombasa jua limeshazama kitambo. Akasema Mombasa saa hizi wanajiandaa kula daku, kwa hiyo akifuata za kule atakuwa anaanza kufunga siku ya pili bila kumaliza ya kwanza. Wenzake walikuwa wameacha kucheka. Hawakunikasirikia, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Walianza kufunika masufuria, mmoja mmoja, kimya kimya, kama watu wanaofunika mgonjwa.

Mimi nikipata mawazo nasikia njaa. Nilishuka chini mara moja tu. Sambusa moja tu. Nilipopanda juu wanawake thelathini waliofunga walikuwa wanaitazama tai yangu, ambayo ilikuwa na makombo. Otilia naye alikuwa ananitazama. Yeye hakuwa ametia kitu kinywani tangu mchana, hata maji, kwa sababu aliona ni aibu kula mbele ya wenzake. Mimi sikuwa najua. Nilimeza bila kutafuna.

Tukafika gatini. Niliruka kabla boti haijafungwa, nikitaka kuwahi kuwaeleza watu wa harusi, maana walikuwa wamejipanga wote na suti zao na sisi tumechelewa. Wanawake wakashuka na masufuria, mikeka na mabuibui mbele ya bibi harusi. Bibi harusi akauliza kinachonukia ni nini. Bi Mwanakheri, ambaye kwa haki yake angeweza kunitupa ziwani, akafunua sufuria akampa sahani nzima ya sambusa na kumwombea watoto.

Kisha akaamua yeye. Pale kando ya maji kuna uwanja wa majani. Wakawafukuza mabata bukini, wakatandika mikeka, wakaketi kungoja. Na Fatehali, ubaya wake ndio huu, akapotea, akarudi amebeba maji baridi, barafu na maboksi ya maziwa ya kumtosha kila mtu, akaviweka kivulini vingoje pamoja nao. Halafu akakaa katikati akaanza kusimulia juu ya Mediterania, ambako Septemba jua linazama saa ya watu wenye heshima. Akaulizwa maswali. Akavua kofia. Vipeperushi vilikuwa ndani ya kofia! Viligawanywa mkeka hadi mkeka, na wateja niliowatafuta mimi, kwa nauli yangu ya basi mpaka Dixon, wakaanza kuulizana nani atakwenda na nani.

Saa tatu jua likashuka. Lilishuka lenyewe, bila msaada wangu. Mji wote ulikuwa mweusi na mbingu nyuma yake nyekundu, ziwa limetulia, hata mabata walinyamaza. Simu za wanawake zikaadhini kwa pamoja kwenye mikeka. Bi Mwanakheri akachukua tende ya kwanza, akampa Otilia. Akamwambia naye amefunga, japo kwa bahati mbaya.

Otilia aliila tende ile huku machozi yanamtoka. Akaniegemezea kichwa begani. Akasema hajaona machweo mazuri kama haya maisha yake yote. Nilimpenda wakati ule mpaka nikaogopa kusogea asije akaondoa kichwa. Nilijua nimeshinda. Fatehali na vipeperushi vyake, wanawake na mahamri yao, wote walikuwa wadogo. Nimeshinda!

Akasema, "Sasa nataka kuyaona na ya kule, Caetano. Na wewe."


Jumatatu, 20 Juni 2016

Asubuhi Otilia ameniketisha mezani kabla ya kupanda kwa Fatehali. Akauliza kama ni pesa. Nikasema si pesa. Hapo nilikosea, pesa ilikuwa ngao nzuri. Akauliza kama ni goti. Nikasema goti. Akanikumbusha kwamba juzi niliruka kutoka botini kama kijana. Nikasema ndiyo maana leo linauma.

Akafuta meza, ambayo ilikuwa safi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni yeye. Kama katika miaka yote hii kuna siku niliyotaka kwenda mahali nikiwa naye.

Neno lilinifika kooni. Lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari, ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nikafungua mdomo. Nikasema mambo ya goti daktari ndiye anayeyajua zaidi.

Akachukua kalamu akaandika majina mawili, lake na langu, akatoka. Hakungoja lifti. Nilizisikia hatua zake kwenye ngazi, halafu viti vya Fatehali vikaburutwa juu ya kichwa changu.

Nimejisikia vibaya siku nzima. Kibandani nimemfungulia geti mtu aliyekuwa anaingia kwa njia ya kutokea, na nikamtakia safari njema.


Jumanne, 21 Juni 2016

Miaka thelathini leo. Nimemletea Otilia maua na kahawa kitandani. Yeye amenipa mfuko. Ndani yake mito miwili ya shingo, ile ya kuvaa kama kola, ya buluu, mmoja wake, mmoja wangu. Nilitaka kulia. Akanivalisha mwenyewe. Akasema ukiegemea hapa na kufumba macho, na mtu amekushika mkono, hutajua hata kama ndege imepaa. Sijui kwa nini alinieleza habari hizo. Nilimshukuru, nikamwambia ni mto laini.

Ila jana usiku nilikuwa nimeshapata mpango. Mzuri kuliko wote!

Nyakundi ana binamu anayepakia ngano kwenye meli, bandari ya Montreal. Binamu anamjua mpishi, mpishi anamjua nahodha. Meli zile huwa na kitanda cha ziada. Nitaondoka Agosti. Otilia atakwenda na kundi kwa ndege, na atakaposhuka bandarini kule Mediterania kupanda boti ya machweo, atanikuta nimesimama gatini na maua, goti zima! Nani tena ataniuliza kama nilitaka kwenda mahali nikiwa naye? Nitakuwa nimefika kabla yake.

Binamu anasema meli inaishia Rotterdam. Nimeangalia kwenye ramani. Kutoka Rotterdam mpaka Mediterania ni vidole viwili. Wala sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Siri lazima itunzwe. Kwa hiyo jioni hii, Nyakundi akiwa amenishikia zamu tena, kabla ya keki, nimemwambia Otilia afute jina langu kwa Fatehali, amchukue Rosalina badala yangu. Akaniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikasema kabisa. Nilijitahidi nisitabasamu, asije akashtukia. Akasema sawa. Akakata keki, akanipa kipande kikubwa, chake hakukila. Nadhani ni joto.

Sasa yuko chumbani anapanga begi. Yeye hupanga begi miezi mitatu kabla, ndivyo alivyo. Nimechungulia. Gauni la buluu limo, viatu vya kutembelea vimo, na mito ya shingo ameiweka yote miwili, wangu umekunjwa ndani ya wake. Ni kusahau tu. Kesho akienda kazini nitautoa wangu, apate nafasi.